Kupanga Vyuo kwa Vichwa

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,670,570 katika Kaunti ya Bungoma. Ushelisheli ina watu laki moja hivi, na Komoro haijafika milioni. Ziunganishe nchi hizo mbili, Bungoma bado inazipita. Takwimu hizo huwa nawatajia wazazi wa hapa Chwele kila msimu wa kuchagua kozi, nao hucheka. Baba mmoja aliniuliza, “Kwa hivyo mwalimu, sasa na sisi ni nchi?”

Si nchi, lakini shida ya kupanga elimu ya juu ni ileile. Nimekuwa mwalimu wa ushauri wa masomo na kazi katika shule ya upili, na nimeketi kwenye kamati ya basari. Kote kuwili nimeona kwamba mahali padogo hapapangwi kwa asilimia, panapangwa kwa vichwa. Tuseme kisiwa kinahitaji madaktari wa meno wanne. Kikisomesha saba, watatu watakosa kazi na kuhama. Kikisomesha mmoja, naye akaamua kubaki Ulaya, wagonjwa watapanda ndege kwenda kung'olewa jino. Ndiyo maana Komoro ilikaa bila chuo kikuu chake hadi 2003, na Ushelisheli hadi 2009. Vijana walipelekwa nje.

Sisi wenyewe tuliwahi kufikiri hivyo. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, cha 1963 hadi 1970, kiligawana kazi: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kilivunjika kwa sababu kila serikali ilitaka kila kitu kwake. Botswana, Lesotho na Swaziland nazo zilikuwa na chuo kimoja, na Lesotho ilipojitoa 1975, Wabotswana walichangishana hadi ng'ombe ili wajenge chao. Wazee wa Magharibi mwa Kenya hawatashangaa: WECO ya Kakamega, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, ilianza 1972 kwa harambee.

Kibabii imetukaribia zaidi, maana iko upande huu huu wa barabara ya Bungoma kuja Chwele. Ilikuwa chuo kishiriki cha Masinde Muliro kuanzia 2011, ikapata hati ya chuo kikuu kamili Novemba 2015. Siwezi kuibeza hata kidogo. Msichana ambaye mamaye anauza nyanya anaweza kulala kwao na kusoma digrii, na kodi ya chumba cha Nairobi ikabaki kuwa karo. Ila ukaribu nao una mtego wake. Mzazi huona chuo, akasema mtoto aende pale, kisha ndipo anauliza kuna nini. Mwisho wake ni ualimu, biashara na kompyuta, mwaka nenda mwaka rudi, nao walimu waliokwisha sajiliwa wanangoja ajira nyumbani.

Kwa hiyo nikaanza kuwapeleka kidato cha nne sokoni. Soko la Chwele halihitaji sifa zangu. Malori ya vitunguu na mabasi yaliyofungwa matundu ya kuku juu yanajieleza. Swali la wanafunzi kwa kila mfanyabiashara ni moja: “Ni fundi au mtaalamu gani unamlipa atoke mbali?” Majibu wanayaandika kwenye daftari. Mwenye kuku anasema mtu wa chanjo ya kideri, kwa sababu akichelewa wiki moja banda zima linakwisha. Mwenye nyanya anataka mtu wa kujenga na kutunza chumba cha baridi. Siku nyanya zinapojaa, zinauzwa bei ya kutupa kufikia alasiri. Wengine wanamtaja fundi wa mizani, fundi wa pampu. Mama mmoja wa maharagwe alijibu wakili, akakataa kueleza zaidi.

Kurasa zile ndizo mpango wa elimu ya juu wa Chwele, hata kama hakuna ofisi iliyozipiga muhuri. Nyingi ya kazi hizo hazihitaji alama ya C+ ya kuingilia chuo kikuu wala digrii. Stashahada ya afya ya mifugo au ya ufundi inatosha, na chuo cha Sang'alo hakiko mbali. Lakini tukifika saiba kujaza fomu za KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, mzazi akishalipa zile shilingi 1,500, chaguo la kwanza, a, b na c, ni lazima liwe digrii. Afya ya mifugo haitajwi kabisa.

Kwenye basari ndiko nilikoshindwa wazi. Kamati niliyoketi ilikuwa na fungu dogo na majina yaliyojaza kurasa za fulskapu. Nilipendekeza tuchague wachache, katika kazi ambazo soko limezitaja, tuwalipie mpaka wamalize, nao watie sahihi kwamba watafanya kazi hapa miaka kadhaa. Mzee mmoja alinitazama kwa huruma. “Mwalimu, kila jina hapa ni boma, na kila boma lina kura.” Kila mtoto akapewa kidogo, kisichofika hata nusu ya karo ya muhula. Mpango wa namna hiyo hauna adui, ila sijaona mtu aliyemaliza chuo kwa sababu yake.

Kikao kijacho nitaingia na daftari la sokoni, na nitaomba lisomwe kabla ya orodha ya majina.