Bei ya geti la mama

Mwezi uliopita mama alitaka geti jipya. Kazi akapewa mdogo wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, nami nikajitolea kulipa.

Alinipigia hesabu mbili. Kufunga kwa boliti na nati kulitaka kutoboa kila tundu kwa drili, kununua boliti zenyewe na kukaza moja moja: siku mbili. Kuchomelea kulitaka pakiti ya vijiti, umeme na nusu siku. "Dada, kuchomelea ndiyo nafuu," akasema. Tofauti ya bei ilinifurahisha, nikakubali.

Saa nane usiku mama akaniamsha. Mdogo wangu hawezi kufungua macho, machozi yanamtiririka, anasema yamejaa mchanga. Mchana kutwa alikuwa amevaa miwani ya jua. Mimi, ninayeandika habari za afya kila wiki, nilikuwa nimekaa kibarazani nikinywa chai, nikamwangalia, nisiseme kitu.

Kulipokucha tukampeleka zahanati. Kilichomuunguza ni mionzi ya urujuanimno itokayo kwenye ule mwanga mkali. Huunguza konea, sehemu ya mbele ya jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye. Kwa kawaida hupoa baada ya siku moja au mbili.

Moshi ndio hauishii hapo. Mwaka 2017 wataalamu wa IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Bomba la zinki likichomelewa, moshi wake unaweza kuleta homa na kutetemeka jioni, mtu akadhani ni malaria. Na yale maziwa ambayo mafundi hunywa baada ya kazi hayasafishi mapafu.

Alipopona tulirudia hesabu. Tukaongeza ngao ya uso yenye kioo cheusi na barakoa ya kuzuia moshi. Mabomba ya zinki ya juu ya geti tukayafunga kwa boliti. Kuchomelea kulibaki nafuu, ila si kwa kiasi kile kilichonifurahisha.

Msomaji, ukitajiwa bei ya geti au dirisha, muulize fundi ngao yake iko wapi. Kama hana, bei hiyo haijatimia. Iliyobaki atailipa yeye na familia yake.