Uko?

Net ikigoma hapa Roysambu, mimi huandika ping, nione kama kuna anayejibu upande ule. Sayansi ya kompyuta niliiacha mwaka wa pili, lakini hiyo amri haikuniacha.

Juzi ndio nikajua aliyeiandika 1983, Mike Muuss, alikuwa akifanya kazi kwa maabara ya silaha ya jeshi la Marekani. Huko ndiko alianzisha BRL-CAD, mwaka 1979. Unachora kifaru, chuma kwa chuma, halafu kompyuta inakipitishia miale kutoka kila upande, kuonyesha risasi ingepita wapi na kugonga nini. Injini. Tangi la mafuta. Dereva. Eeh, kwa hizo hesabu dereva pia ni spea.

Tangu 2004 programu hiyo ni ya bure. Nikaipakua. Ikaja na mfano wa lori la jeshi. Nikaanza kutafuta dereva anakaa wapi, kisha nikafunga laptop.

Brathe wangu anaendesha lori la jeshi Somalia. Najua hesabu hizi humwambia fundi aongeze chuma wapi. Humwambia pia adui alenge wapi.

Usiku huo nilimtext: “Uko?”

Alfajiri akajibu: “Niko.”