UKWELI NA UONGO WA SINEMA ZA PORINI

Kila Jumamosi baada ya chakula cha jioni tunaruhusiwa kutazama televisheni bwaloni, na muhula huu hakuna vipindi vinavyopendwa na wanafunzi kama vile vya watu wanaojaribu kuishi porini bila msaada. Kipindi kikiisha ubishi huanza, na huendelea bwenini hata baada ya taa kuzimwa. Wengine husema mambo yale ni kweli tupu, wengine husema ni uongo mtupu. Nimeona vema nitoe maoni yangu katika gazeti letu, kwa kuwa nadhani pande zote mbili hazijagusa jambo lenyewe.

Anayebishaniwa zaidi ni Bwana Bear Grylls, Mwingereza aliyepata kuwa askari, na aliyefika kilele cha mlima Everest mwaka 1998. Kipindi chake kiitwacho Man vs. Wild kilianza mwaka 2006. Humo huonekana akiteremka magenge, akiogelea katika mito yenye baridi kali, na kutafuna wadudu wabichi. Basi mwaka 2007 mtu mmoja aliyekuwa mshauri wa kipindi hicho alitoboa siri katika gazeti la Uingereza. Alisema kwamba huko Hawaii Bwana Grylls alilala hotelini, ilhali watazamaji walidhani yuko peke yake kisiwani. Tena chelezo alichoonekana akikiunda kilikuwa kimekwisha kuundwa na wenzake, kikafumuliwa, ndipo naye akakiunga mbele ya kamera. Baadaye kipindi kiliongezewa maneno ya kuwaarifu watazamaji kwamba mambo mengine hutengenezwa kwa ajili ya picha, na kwamba yeye na wapiga picha wake hupewa msaada.

Mimi simlaumu kwa kulala kitandani. Mtu mwenye mke na watoto ana haki ya kulala mahali pa salama baada ya kazi. Kosa ni kukificha kitanda kile, maana mtazamaji huondoka akiamini kwamba binadamu mmoja, kwa ushujaa wake tu, aweza kulishinda pori.

Yuko mwingine, Bwana Les Stroud wa Kanada, ambaye kipindi chake, Survivorman, kilianza mwaka 2004. Yeye hukaa porini kama siku saba, na hujipiga picha mwenyewe. Fikirini, ndugu wasomaji, maana ya jambo hilo. Tunapomwona akienda zake mpaka akapotelea nyuma ya kilima, hapana budi arudi kuichukua kamera aliyoiacha, kisha aipande tena njia ile ile, na huku ana njaa. Naye haoni haya kusema kwamba wako watu wa kumwokoa wanaokaa mbali. Katika kipindi chake hakuna mirukо mingi. Huketi, huchoka, hunung'unika, hukosa samaki. Wenzangu wengi husinzia wakimtazama, nami nadhani kule kusinzia kwao ni ushahidi kwamba anasema kweli.

Kadhalika mwaka 2015 kilianza kipindi kiitwacho Alone. Watu kumi walipelekwa katika kisiwa cha Vancouver huko Kanada, kila mmoja mahali pake, na vifaa kumi alivyojichagulia, kamera zake, na simu ya kuomba kuondolewa. Zawadi ilikuwa dola 500,000. Mmoja wao hakumaliza hata siku nzima kwa sababu ya kuogopa dubu. Aliyeshinda alikaa siku 56. Katika misimu iliyofuata wamekuwako wengi waliorudi nyumbani si kwa kushindwa kuwasha moto, bali kwa kuwakumbuka wake, waume na watoto wao. Upweke uliwashinda.

Jambo hili lanigusa kwa sababu ya baba yangu. Yeye ni mrina asali huko Sikonge, mkoa wa Tabora, na mwaka 2019 alipotea msituni siku tatu. Aliporudi tulimzunguka sote tukitaka kusikia habari za simba na nyoka. Akajibu, "Nilikaa, mwanangu." Alipotambua kuwa amepotea, aliacha kutembea. Aliketi karibu na kidimbwi, akachemsha maji katika sufuria yake ndogo, na kwa kiberiti chake cha kufukizia nyuki akawasha moto, akautia majani mabichi ili moshi upande juu. Siku ya tatu wenzake wa kambini waliuona moshi. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Baba huongeza kwamba kwanza sharti uonekane ungali hai.

Habari ya baba haiwezi kuwa sinema, maana hakuna atakayelipa fedha kumtazama mtu aliyeketi. Walakini kuketi kule ndiko kulikomrudisha kwetu. Na yuko mdogo wetu mmoja wa Kidato cha Kwanza ambaye muhula huu alikunywa maji ya bwawa ili awaonyeshe wenzake kwamba ni mwanamume kama wale wa televisheni. Alilala juma zima kwa kuumwa tumbo. Hakuambiwa na mtu kwamba nyuma ya kamera huwako watu wenye maji safi na dawa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, sisemi tuache kutazama. Tutazame na tufurahi, lakini kila tumwonapo shujaa peke yake porini tuulize: ni nani aliyeishika kamera? Ikiwa ni yeye mwenyewe, tumsikilize kwa makini. Ikiwa ni mwingine, tukumbuke kwamba shujaa yule hayuko peke yake, na sisi tukipotea hatutakuwa na mpiga picha wa kutupa chakula.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV