Bia ya miaka mitano na kasiksi ya siku tatu

Wiki hii tunaongea juu ya bia. Tunajua wengine watashangaa, maana mara nyingi tukitaja pombe hapa ni kwa kulia juu ya mshahara uliobakia kwenye nganda. Lakini pombe ni kazi ya wamama pia. Ni wangapi kati yetu wamelipa minervali ya watoto kwa bidoni ya kasiksi?

Katika kikundi chetu kuko mama ambaye binti yake anaishi Ubelgiji. Noeli ya mwaka 2019 binti alikuja kusalimu, akaleta chupa moja ya santilita 75. Jina lake ni Gouden Carolus Christmas, inatengenezwa na kiwanda cha Het Anker katika mji wa Mechelen. Ni bia ya majira ya baridi. Kule Ulaya mwezi wa 12 jua linazama mbele ya saa kumi na moja ya jioni, na watu wanapenda kinywaji kizito, cheusi, chenye viungo, cha kunywa polepole karibu na moto. Wanaipika mwishoni mwa mwezi wa 8, kisha wanaiacha itulie mpaka Noeli.

Mama yetu hakuifungua. Aliisimamisha ndani ya sanduku chini ya kitanda, kwenye giza, na baridi ya Butembo ikamsaidia kuitunza. Miaka mitano ilipita. Mwishowe aliileta kwenye kikao chetu ili tuonje pamoja.

Tulikuwa wamama kumi. Watatu walinusa tu: mmoja ana mimba, mwingine ananyonyesha, wa tatu hanywi pombe kabisa. Hakuna aliyewalazimisha. Sisi saba tuligawana, kila mmoja akapata karibu robo ya vere. Mwenye chupa aliimimina polepole bila kuitikisa, ili masimbi ya hamira yabaki chini.

Rangi yake ni nyekundu iliyokolea, karibu nyeusi. Povu lilikuwa kidogo. Ilinuka zabibu kavu na sukari iliyoungua. Dada mmoja aliyekimbia toka Beni alisema inamkumbusha kakao inayoanikwa juani. Ulimini ilianza na utamu, kisha uchungu kidogo, kisha joto likashuka kifuani. Viungo havikuwasha kama tangawisi yetu. Vilikuwa vimelainika, hata tulibishana: huyu anasema mdalasini, yule anasema karafuu. Mzee wetu mmoja alisema inafanana na dawa ya kikohozi, na hakuomba kuongezewa. Sisi wengine tuliipenda.

Tuliulizana: kwa nini hii imekaa miaka mitano, na kasiksi yetu haifiki wiki? Sababu zinajulikana. Bia hii ina kilevi asilimia 10.5, na vijidudu vingi vinavyoharibu vinywaji haviwezi kuishi humo. Ilipikwa motoni pamoja na maua ya hopi, ambayo pia yanazuia kuoza. Chupa imefungwa kabisa, hewa haipiti, na hamira iliyobaki ndani inaendelea kuilinda. Si kila bia iko hivyo. Bia nyepesi ya kila siku ukiiweka miaka mitano itapoteza ladha tu.

Kasiksi ina njia nyingine. Ndizi zinaivishwa shimoni, zinakamuliwa pamoja na majani, maji yake yanachujwa, tunatia unga wa mtama uliokaangwa, tunafunika. Kesho ni tamu, kesho kutwa ni kali, na kisha inaanza kuwa siki. Hewa inaingia, kilevi ni kidogo, haikuchemshwa. Sio uvivu wa mama anayeitengeneza. Ni kinywaji cha kunywa upesi, na siku yake ikifika hakuna bia ya Ulaya inayoishinda kwenye arusi yetu.

Shida iko sokoni. Mama mwenye kasiksi ya siku ya tatu hawezi kungoja. Mnywaji anajua hilo. Anakaa, anaonja, anasema imechacha, anataka nusu bei ao deni. Mama anakubali, juu ya kumwaga ni hasara zaidi. Wenye kiwanda kule Mechelen wanangoja miezi kabla ya kuuza, na bei yao haishuki. Sisi hatuna ghala wala chupa za kufunga, basi mnunuzi ndiye anayepanga bei.

Na si kasiksi peke yake. Mama anayeuza kahawa ingali mtini kwa sababu mtoto amefukuzwa shuleni, naye amekosa nafasi ya kungoja. Yule wa kakao anayevuna mbiombio na kuuza ikiwa mbichi kwa kuogopa kurudi shambani, vilevile. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yametenga familia nyingi na mashamba yao. Wengine wamefika kwetu toka Kanyabayonga mwaka 2024. Dada yetu wa Beni alituambia kwa sauti ndogo: «Ili chupa ikae miaka mitano chini ya kitanda, lazima wewe pia ulale miaka mitano kwenye kitanda hicho.» Yeye katika miaka hiyo amehama mara tatu, na hakubeba hata sufuria. Tulinyamaza kidogo.

Amani hatuwezi kuileta kwa kikao kimoja. Lakini tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, wanaotengeneza kasiksi kati yetu watafuatana kwa zamu, ili bidoni zote zisifike sokoni siku moja. La pili, AVEC yetu itatenga sehemu ya akiba kwa ajili ya minervali, ili mama akopeshwe mbele ya mavuno, asiuze mazao yake kabla hayajaiva. Akiba hiyo ndiyo itatupa nafasi ya kungoja.

Tunamaliza na neno juu ya kipimo, maana Noeli inakuja na zawadi za Ulaya nazo. Kilevi asilimia 10.5 ni mara mbili ya Primus. Chupa moja ya santilita 75 ya bia hii inazidi Primus kubwa mbili, hata kama utamu wake unadanganya. Igawanyeni watu wengi, mkiwa mmekula. Mwenye mimba asionje hata kidogo, na anayetumia dawa aulize kwanza kituo cha afya. Watoto wapewe maji ya ndizi ambayo hayajachacha, nayo ni matamu.

Kama kikundi chenu kimepata njia ya kumsaidia mama angoje bei nzuri, mtuandikie. Tutaisoma pamoja na wengine wiki zinazokuja.