Jina la Nyoka: Juu ya Kufundisha Uainishaji

Sisi tunaofundisha elimu ya viumbe twajua jinsi somo la uainishaji linavyowachosha wanafunzi. Huzikariri ngazi zake, huziandika katika mtihani, kisha huzisahau, kwa kuwa hawakuonyeshwa manufaa yake. Kwa sababu hiyo hupenda kuwasimulia kisa cha nyoka mmoja wa Asia.

Kraiti ni nyoka wa jenasi Bungarus, wa familia moja na fira na koboko. Baadhi yao wana mikanda myeusi na myeupe. Nchi hizo hizo wamo nyoka wa jenasi Lycodon, wasio hatari kwa mtu, na wengine wao hufanana nao mno. Septemba 2001, kaskazini mwa Myanmar, mtaalamu wa nyoka Joseph Slowinski wa Marekani alitia mkono katika mfuko wenye nyoka aliyedhaniwa kuwa Lycodon. Kumbe alikuwa kraiti. Sumu ilipooza misuli ya kupumulia. Wenzake walimpulizia pumzi kinywani kwa saa nyingi, lakini siku ya pili alifariki.

Hapo huwauliza wanafunzi: tungewatambuaje? Rangi haitoshi. Huchora ubaoni safu ya magamba makubwa yenye pembe sita katikati ya mgongo wa kraiti, kisha upande wa uso, ambako kraiti hukosa gamba moja, kati ya pua na jicho, ambalo Lycodon huwa nalo.

Kisa hakikuishia hapo. Kraiti yule alihesabiwa kuwa Bungarus multicinctus, spishi iliyopewa jina mwaka 1861. Mwaka 2021 watafiti walilinganisha meno, rangi za mkia na chembe za urithi, wakaitambua spishi mpya, Bungarus suzhenae, na kumhusisha nayo nyoka yule. Jina hilo latokana na Bai Suzhen, nyoka mweupe wa hadithi za China. Huu si ubishi wa majina: dawa ya kuzuia sumu hutengenezwa kwa sumu ya nyoka maalumu, na huenda isifae vyema kwa mwingine.

Hata hivyo, yatupasa kutumia picha na michoro tu. Mwanafunzi akutanaye na nyoka njiani asimhesabie magamba, amwache apite.