Mwalimu Enoch Sontonga

Kila niandikapo solfa ubaoni kwa wanakwaya wangu, humkumbuka mwalimu mwenzetu wa Afrika ya Kusini, Enoch Sontonga. Alikuwa Mxhosa, mzaliwa wa Uitenhage. Akajifunza ualimu Lovedale, kisha akafundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Alikuwa pia mpiga picha (nasi walimu twaijua mishahara yetu, hatushangai), tena mshairi na mkuu wa kwaya. Nyimbo alizitunga mwenyewe, maneno na sauti, akaziandika katika daftari.

Mwaka 1897 alitunga wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Hakuona ulikofika, maana alifariki mwaka 1905, umri wake ukiwa kama miaka 32. Mwaka 1912 uliimbwa Bloemfontein, katika mkutano wa kuanzisha chama kilichoitwa baadaye ANC. Na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, sauti yake ikawa ya wimbo wetu wa taifa.

Linisikitishalo ni lile daftari. Wakuu wa kwaya wenzake waliliazima, likapita mikononi mwa wengi, na mwisho likapotea, na nyimbo zake nyingi pamoja nalo. Hata kaburi lake lilitafutwa kwa taabu, kwani katika kitabu cha makaburi ya Braamfontein aliandikwa kwa jina la Enoch, na watu walitafuta Sontonga. Rais Mandela alizindua jiwe la ukumbusho pale tarehe 24 Septemba 1996, miaka 91 baada ya kufa kwake.