Boom langu, Noah ya baba na kidude cha elfu thelathini

Najua nimepotea. TP ilinikaba, halafu nikapanda basi kwenda nyumbani Oldonyo Sambu. Sasa nimerudi chuo na kisa, na kisa chenyewe kinauma mfukoni.

Mnaijua Noah ya baba, ya mwaka 1998, ile ninayoitaja kila siku. Ndiyo inayobeba viazi na akina mama kwenda Ngaramtoni, na ndiyo iliyonisomesha kabla bodi ya mikopo haijanikumbuka. Basi asubuhi za baridi za Julai ikawa inagoma kuwaka. Ikishapata moto inatulia, ila taa ya injini haizimiki. Fundi mmoja mjini akamwambia baba kontrolo boksi imekufa, alete laki sita na nusu. Baba akaanza kuhesabu mbuzi.

Nikamwambia, "Baba, subiri kwanza. Nina boom kidogo, nitanunua kifaa tuipime wenyewe." Hapo ndipo nilipojifanya mjuaji, kha!

Dukani Arusha nikakuta aina tatu. Kuna kidude kidogo cha Bluetooth kinachoongea na simu. Kuna kile chenye waya na kioo chake. Halafu kuna mashine kubwa za gereji, zinazosoma hadi breki za ABS na airbag, bei yake usiulize. Nikachukua cha Bluetooth, elfu thelathini, boksi limeandikwa kinasoma gari zote.

Jioni baba akashika tochi, mimi nikachomeka chini ya usukani. Taa ikawaka, simu ikakiona kidude, nikatabasamu. Halafu: imeshindwa kuunganisha. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tano baba akauliza taratibu, "Mwalimu, kwani gari haikuelewi?" Yeyo akacheka kule jikoni. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Usiku nikasoma, kitu ambacho ningefanya kabla ya kulipa. Kumbe tundu lile la pini 16 kuwa sawa hakumaanishi lugha ni moja. Marekani ililazimisha OBD2 kwa magari ya kuanzia 1996, Ulaya ikafuata 2001 kwa ya petroli. Japani sheria yao ilichelewa, kwa hiyo gari nyingi za miaka ya tisini zilizotengenezwa kwa soko la kwao zina tundu, ila zinaongea lugha ya kiwanda. Noah yetu ni ya kundi hilo. Na cha kuchekesha, kidude changu kimeandikwa ELM327 toleo la 1.5, wakati kampuni ya Kanada iliyobuni chipu hiyo haikuwahi kutoa toleo la 1.5! Ila hata kingekuwa halisi, kwa Noah ile kisingenisaidia.

Kilichosaidia ni kipande cha waya. Kwa Toyota za miaka ile unaunganisha pini ya 4 na ya 13, unawasha swichi bila kuwasha injini, halafu unahesabu taa ya injini inavyokonyeza. Angalieni sana, pini ya 16 ina moto wa betri moja kwa moja, msiiguse. Taa ikakonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza mbili tena. Namba 22: mzunguko wa sensa ya joto la maji.

Chalii mmoja jirani, fundi, akasema haya, kanunue sensa. Nikasita. Nikachukua mita yangu ya fizikia. Sensa hii ikiwa baridi ukinzani wake uko juu, kwenye nyuzi 20 ni kama kilo-omu 2 hadi 3, na ikipata moto unashuka. Yetu ilisoma vizuri kabisa. Nikafuata waya: umekatika ndani ya plagi, kwa nje mzima! Kwa hiyo kompyuta haikuwa inajua kama injini ni baridi, inakisia tu kwamba ina moto, na asubuhi inainyima petroli ya kutosha. Chalii akaunga waya, akaomba elfu tano. Alfajiri ikawaka mara moja. Baba hakusema kitu, alirudi ndani akaniletea chai mwenyewe.

Nikakumbuka madaftari niliyosahihisha TP. Mtoto kupata 22 hakukuambii amekosea wapi, kunakuambia tu uanze kuangalia wapi. Namba ya gari ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo wadau, mkitaka kununua anzeni na gari, siyo bei. Jueni ni ya mwaka gani na ilitengenezwa kwa soko gani. Ombeni muuzaji aichomeke kwenye gari lenu kabla hamjatoa hela. Wenye iPhone muulize kwanza, vidude vingi vya Bluetooth vya bei rahisi vinagoma nazo. Namba ikitokea iandikeni kabla ya kuifuta. Na mita nunueni, ni rahisi na haichagui gari.

Kidude changu ninacho hapa chumbani, duka limekataa kukirudisha. Mwenye mzazi mwenye gari la karibuni aje akiazime bure. Boom limeisha, wiki hii nala maharage, ila Noah inatembea.

Alamsiki!